Degedege, Mbu na Kiburi cha Wenye Elimu

Nilikuwa na umri wa miaka minane mdogo wangu alipofariki kwa degedege. Tuliishi katika kijiji kimoja wilayani Muheza, chini ya milima ya Usambara, mahali ambapo mvua za masika zikishika, ni nadra kukuta nyumba isiyo na mtoto mwenye homa. Usiku wa kwanza mtoto alikakamaa, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikaanza kumrukaruka. Bibi hakusita. Alimwambia mama kwamba dege amepita, na kwamba mtoto asije akapelekwa kuchomwa sindano, kwani sindano na degedege havipatani. Mtoto akafunikwa shuka, akafukizwa mavi ya tembo, akaogeshwa maji ya majani yaliyochumwa na mganga wa jirani. Baada ya dakika chache mtikisiko ukakoma, akalala. Tukamshukuru Mungu, na mganga akapewa kuku wake.

Homa haikuondoka. Usiku wa pili dege alirudi, na alfajiri ya siku ya tatu mama alimfunga mtoto mgongoni, tukaenda zahanati kwa miguu. Muuguzi aliyetupokea aliona mabaki ya majani kwenye nywele za mtoto, akaanza kufoka mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Alimwita mama mshenzi na mshirikina, akamwuliza kama alizaa ili azike. Kisha akamchoma mtoto sindano. Mtoto alifariki kabla ya adhuhuri. Jioni ile, msibani, kijiji kizima kilikuwa kimeshapata ushahidi wake: sindano imemuua.

Mimi ni mwalimu wa historia, si tabibu. Lakini kwa miaka mingi nimeirudia asubuhi ile nikijiuliza: ni kosa lipi hasa lililomuua yule mtoto? Jibu la haraka, ambalo nililitoa mwenyewe nilipokuwa kijana niliyeanza kusoma vitabu, ni kwamba aliuawa na ujinga wa bibi yangu. Leo naona kwamba jibu hilo lina upungufu mkubwa, na katika makala hii nitajaribu kueleza kwa nini.

Tuanze na bibi mwenyewe. Neno degedege latokana na dege, yaani ndege mkubwa. Katika sehemu nyingi za pwani yetu iliaminika kwamba ndege huyo, ambaye kwa hakika ni shetani, hupita usiku juu ya mtoto, na kivuli chake kikimwangukia, mtoto huanza kutapatapa kama mwenye mabawa. Watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliandika jambo ambalo kila mtu wa pwani alilijua: kwamba kwa wananchi, homa ya malaria lilikuwa gonjwa moja, bandama gonjwa jingine, na degedege gonjwa la tatu lisilohusiana na hayo mawili. Homa ilitibiwa kwa vidonge. Degedege lilikuwa la mganga. Sayansi yatufundisha kwamba mara nyingi hayo yote ni kazi ya kimelea kimoja katika damu. Kikivunja chembe za damu, mtoto hupata safura. Bandama nalo huvimba kwa kazi ya kuichuja damu hiyo. Na kikiziba vijishipa vya ubongo, mtoto hupata degedege la hatari na kuzimia.

Imani ile ilikuwa na makosa, lakini haikuwa upuuzi. Ilijengwa juu ya mambo yaliyoonekana kwa macho. Mitukutiko ya mtoto mwenye homa, mara nyingi, hukoma yenyewe baada ya dakika chache, afanyiwe au asifanyiwe lolote. Hivyo kila mganga aliyefukiza alionekana ameponya. Mtoto ambaye homa yake haikuwa kali alipona, na sifa ikaenda kwa mganga. Yule ambaye ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia ubongoni alipelekwa zahanati siku ya tatu, akiwa mahututi, akachomwa sindano, akafa. Kijiji kiliona wazi kwamba wanaopona wamepitia kwa mganga, na wanaokufa wamepitia kwenye sindano. Bibi yangu hakukosea katika kutazama. Alikosea katika kuunganisha alichokitazama; na kosa la namna hiyo, kama tutakavyoona, halimwogopi mwenye shahada.

Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito. Mwezi Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua mtoto wa kike, naye homa ikamuua siku chache baadaye. Na kichanga hakikukawia kumfuata mama yake. Krapf alikuwa msomi wa lugha ambaye kamusi yake ya Kiswahili twaitumia hadi leo, lakini kuhusu ugonjwa uliomwachia kaburi la mke na mwana hakujua zaidi ya wazee wa Mombasa. Elimu ya Ulaya ya wakati huo ilifundisha kwamba homa huletwa na mvuke mbaya unaopanda kutoka kwenye vinamasi na vitu vilivyooza. Ndiyo maana ugonjwa ukaitwa malaria: katika Kitaliano, mala aria ni hewa mbaya. Jina hilo tunalolitamka leo tukidhani kuwa ni la kisayansi ni kumbukumbu ya kosa la wasomi.

Miaka kumi baada ya msiba wa Krapf, Mwingereza Richard Burton alisafiri katika pwani ya Wasomali. Wenyeji walimweleza kwamba kuumwa na mbu huleta homa za kuua. Burton aliliandika jambo hilo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1856, kisha akaongeza maelezo yake: huo ni ushirikina tu, na pengine umetokana na kwamba mbu na homa huzidi katika majira yaleyale. Mwaka uliofuata alitua pwani yetu pamoja na John Hanning Speke, wakaanza safari ya kwenda Ujiji. Homa iliwaandama njia nzima, na Burton alifika mahali hawezi hata kutembea, akabebwa na wapagazi kwenye machela.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo. Nilipokuwa mtoto, watu wa kijijini kwetu walisema kwamba homa huletwa na maembe mabichi, kwa kuwa maembe na homa vilifika pamoja. Burton naye aliona kwamba mbu na homa hufika pamoja. Watu wetu walikubali uhusiano usiokuwepo. Burton alikataa uhusiano uliokuwepo. Mantiki ni ileile na kosa ni lilelile, isipokuwa kosa la mmoja huitwa ushirikina na la mwingine huitwa elimu ya zama zake. Tofauti kubwa iliyopo ni kwamba watu wetu hawakumdharau yeyote kwa sababu ya maembe. Burton aliambiwa ukweli na mtu aliyemdharau, na kwa sababu alimdharau, hakuusikia.

Na Wasomali hawakuwa peke yao. Mwaka 1897 na 1898 Robert Koch, bingwa mkubwa wa vijidudu vya magonjwa katika Ujerumani, alifanya utafiti katika koloni la nchi yake la Afrika Mashariki. Huko Usambara, milima ileile iliyokitazama kijiji chetu, aliambiwa na wenyeji kwamba wakishuka tambarare hurudi na homa, na kwamba inayowapa homa hiyo ni mbu. Kwao mdudu na ugonjwa viliitwa kwa jina moja. Tofauti na Burton, Koch aliyachukulia maneno hayo kwa uzito. Hakuna aliyewapa Wasambaa wale nishani, lakini walikuwa wameeleza kwa neno moja jambo ambalo maabara za dunia zilikuwa zikilisaka.

Maabara hizo nazo zilikuwa mbioni. Mwaka 1880 tabibu Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa amekiona kimelea cha malaria katika damu ya mgonjwa nchini Algeria. Mwezi Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, Ronald Ross alikiona kimelea hicho kikikua katika tumbo la mbu. Mwaka uliofuata alithibitisha mzunguko wake wote, kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mbu na kutoka kwa mbu hadi kwa mgonjwa mpya. Na wagonjwa aliowatumia katika jaribio hilo walikuwa ndege. Huwa natabasamu kila ninapofikia ukurasa huo katika mihadhara yangu, nikimkumbuka bibi na dege lake. Mwaka huohuo wa 1898 Waitalia, Giovanni Battista Grassi na wenzake, walionyesha kwamba kwa binadamu kazi hiyo hufanywa na mbu wa aina ya anofelesi. Fundisho la hewa mbaya likawa limekufa.

Mtu angetazamia kwamba baada ya ukweli kujulikana, mtoto wa Muheza angepata nafuu. Haikuwa hivyo, na hapa ndipo historia ya mwili wetu inapogeuka kuwa historia ya siasa. Watafiti wa Kiingereza waliotumwa Sierra Leone mwanzoni mwa karne ya 20 waligundua kwamba damu za watoto wa Kiafrika zilikuwa zimejaa vimelea, hata za wale walioonekana wakicheza kwa afya. Ugunduzi ulikuwa sahihi. Ushauri uliotolewa juu yake ulikuwa kwamba Wazungu waishi mbali na watoto hao. Mwaka 1904 mjini Freetown mtaa wa Wazungu peke yao ulifunguliwa juu ya kilima, ukajengewa na reli yake.

Huku kwetu, mwaka 1913 daktari William Simpson alitumwa na serikali ya Uingereza kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, akashauri makazi yatengwe kwa rangi na kati yake yaachwe maeneo ya wazi. Wajerumani waliokuwa wakitawala Dar es Salaam walikuwa na mipango ya namna hiyohiyo, na Waingereza walipoichukua nchi waliiendeleza. Uzunguni ikawa upande wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini ng'ambo, na kati ya Mwafrika na wengine ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Vizazi vya leo hupumzika pale chini ya miti bila kujua kwamba uwanja ule uliwekwa ili maradhi ya babu zetu yasivuke.

Kwa hiyo sayansi ilipopata ukweli kuhusu mbu, ilizaa papo hapo uongo mpya kuhusu mwili: kwamba mwili wa Mwafrika ni ghala la malaria, na kwamba wenyewe haudhuriki sana, kwa sababu umezoea. Ni kweli kwamba mtu mzima aliyekulia penye malaria huwa na kinga ya kiasi. Lakini kinga hiyo haitokani na rangi. Hujengwa kwa kuumwa mara kwa mara tangu utotoni, na wanaoijenga ni wale tu ambao hawakufa wakiijenga. Kila mtu mzima wa kijiji chetu aliyetembea bila homa alikuwa amesalia kati ya ndugu waliozikwa. Kuiita hali hiyo mazoea ni kuhesabu waliovuka mto na kuwasahau waliozama.

Ushahidi wa karibu zaidi ninao katika jiografia ya utoto wangu. Juu ya kijiji chetu, mlimani, ipo Amani. Wajerumani walianzisha pale mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliifanya kituo cha utafiti wa malaria kwa Afrika Mashariki yote. Mbu wa Muheza walihesabiwa, wakapasuliwa, wakachorwa na kuandikwa katika majarida yaliyosomwa London. Elimu kubwa kabisa kuhusu ugonjwa wetu ilikaa mlimani. Chini yake, bibi yangu alikuwa akifukiza mavi ya tembo. Sisemi kwamba wanasayansi wale walikuwa wabaya. Kazi yao imeokoa wengi. Nasema kwamba elimu ilishuka mlimani polepole mno, na siku iliyotufikia ilitufikia kwa sauti ya yule muuguzi.

Turudi sasa kwenye zahanati. Baada ya msiba wetu, jirani mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa kwa siku nne bila kumpeleka. Mama alipomwuliza kwa nini, alijibu kwa swali: "Niende nikatukanwe kama wewe?" Alikuwa haogopi sindano tu, aliogopa aibu. Muuguzi alikuwa na dawa sahihi mkononi, lakini dharau yake iliwafunza wanawake wa kijiji kuchelewa, na katika malaria kali kuchelewa ndiko kunakoua. Kwa hiyo nikiulizwa leo ni kosa lipi lililomuua mdogo wangu, nasema yalikuwa mawili yaliyosaidiana: dhana potofu iliyotuchelewesha, na dharau iliyowachelewesha waliotufuata.

Nisingeliandika haya kwa uhakika kama nisingelikuwa nimetenda kosa hilo mimi mwenyewe. Nilikwenda kusoma Ulaya kwa miaka minne. Niliporudi nilikuwa na shahada ya uzamivu, na nilikuwa nimeshafundisha mara kadhaa habari za Ross, Koch na Burton. Wenyeji wangu walinitandikia chandarua, nikakisukuma pembeni kwa sababu ya joto. Niliwaambia kwa majivuno kwamba mimi nimezaliwa Muheza, malaria inanijua na mimi naijua. Baada ya majuma mawili nikapata homa. Nikasema ni uchovu wa safari, nikameza vidonge vya kutuliza maumivu. Siku ya tano nilibebwa hadi hospitali nikiwa sijitambui.

Nilikuwa sijui, au nilijua kwa kichwa bila kujua kwa mwili, kwamba kinga ile ya utotoni haikai milele. Mtu akiishi miaka kadhaa mbali na mbu wa kwao, hupungua, na akirudi mwili wake huwa karibu kama wa mgeni. Ndugu zetu wengi wanaokuja likizo kutoka Ulaya, Marekani na Ghuba wamezikwa au wameponea chupuchupu kwa sababu ya sentensi ileile niliyoitamka mimi. Nilipozinduka, daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, ulikuwa unasubiri nini?" Sikuwa na jibu. Nililokuwa nalo ni lilelile alilokuwa nalo bibi: nilikuwa nimeona mambo fulani maishani mwangu, nikayaunganisha vibaya, nikaamini. Tofauti ilikuwa moja tu. Mimi hakuna aliyenifokea mbele ya foleni.

Mengi yamebadilika tangu miaka ile, na ni haki kuyataja. Mwaka 2004 nchi yetu ilianzisha mpango wa Hati Punguzo ili mama mjamzito apate chandarua chenye dawa kwa bei nafuu, na mwaka 2006 dawa ya mseto ikawa ndiyo tiba ya kwanza ya malaria. Siku hizi kipimo cha haraka chaweza kutoa jibu hata katika zahanati isiyo na umeme. Wapo pia watafiti waliokaa mkekani na waganga na kuzungumza nao badala ya kuwatukana, wakagundua kwamba baadhi yao walikuwa tayari wakiwashauri wazazi wampeleke mtoto hospitali mara degedege linapotulia. Hata hivyo malaria bado yaua karibu watu 600,000 duniani kila mwaka. Zaidi ya asilimia 90 yao ni wa Afrika, na kati ya hao takriban robo tatu ni watoto wa chini ya miaka 5.

Hivyo namwomba msomaji wangu mambo mawili. La kwanza ni la mwili. Mtoto akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na umpeleke kituo cha afya hata kama mtikisiko umekoma, kwa maana kukoma kwake si kupona. Na wewe uliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi, lala ndani ya chandarua kama mtoto mchanga, na homa ikikushika ukapimwe siku hiyohiyo.

La pili ni la ulimi. Ukimkuta mtu mwenye dhana potofu kuhusu mwili wake, kabla ya kumwita mshirikina, mwulize ameona nini hata akaamini hivyo. Huenda ukagundua kwamba ameona jambo la kweli na kulifasiri vibaya, na hapo utakuwa na mahali pa kuanzia. Huenda pia ukagundua, kama Burton ambavyo angeweza kugundua kwenye pwani ya Wasomali, kwamba aliyekosea ni wewe.

Bibi yangu aliishi miaka mingi baada ya msiba ule, na hakukanyaga zahanati tena hadi alipokufa. Katika miaka yake ya mwisho nilimweleza habari za mbu, vimelea na ubongo, kwa maneno mepesi, tukiwa tumekaa barazani. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Mjukuu wangu, haya si magumu. Mbona siku ile hakuna aliyeniambia?"